Waliowahi kutembea Tunisia tupeane uzoefu

Wakuu, kila siku tunaongelea Dubai na Istanbul, Tunisia hakuna anayeigusa, na ile nchi tamu jamani. Mimi nilipitia Cairo. Msijifungie kwenye mahoteli ya bichi ya Hammamet, pale Tunis mwisho wa barabara ya Habib Bourguiba kuna kitreni kinaitwa TGM, nauli ndogo tu, shukeni kituo cha Carthage Hannibal, hapo ndo ulipokuwa mji wa kale wa Carthage, tiketi moja mnaingia magofu kibao siku hiyohiyo. Mabafu ya Antoninus, yale ya umma ya enzi za Warumi, yako ufukweni kabisa, unapita katikati ya nguzo za Warumi na bahari hii hapa. Endeni asubuhi, jua la Julai si mchezo. Nyie mlipita wapi?

Bukavu Kwetu: Louage je? Zile van nyeupe, zenye mstari mwekundu ndo za safari ndefu, hazina ratiba, zikijaa watu 8 zinaondoka. Nilipandia stendi ya Moncef Bey pale Tunis, madereva wanaita majina ya miji kwa sauti, unafuata wako. Kifaransa kinasaidia sana kule kuliko Kingereza. Nikaenda mji wa El Jem, kuna uwanja wa mapigano wa Warumi wa karne ya 3, mnashuka mpaka chini walikokuwa wanafungia wanyama, mi nilikaa humo hadi mwenzangu akanifuata.

Mjomba wa Tanga: Kwa Waislamu mji wa Kairouan msiukose, msikiti wa Uqba bin Nafi ulianzishwa mwaka 670, nguzo zake nyingi zilitolewa kwenye majengo ya kale ya Warumi, ndo maana hazifanani. Wenyeji ni Wamaliki, yaani wanafuata madhehebu ya Imam Malik, msishangae kuona wengi wanasali mikono imeachiwa chini. Wasio Waislamu wanaishia uani, ndani ya kuswalia hawaingii ila ua wenyewe tu unatosha kuja kuuona.

Mama Zawadi: Wanangu dinari ya kule hairuhusiwi kutoka nje ya nchi, kwa hiyo badilisheni kidogo kidogo na risiti ya benki mtunze, ndo mtaulizwa mkitaka kurudisha iliyobaki kuwa euro. Halafu chakula, ukikaa tu unaletewa harissa, pilipili ya kusaga, imemwagiwa mafuta ya zeituni na jodari juu, na mkate, hujaagiza kitu bado! Agizeni brik, ni kama sambusa kubwa nyembamba, ndani yai halijaiva sana, shika pembe mbili uanzie katikati kabla kiini hakijamwagika.