Bassanio alimpenda Portia, au alipenda urithi wake?

Mwana Chumbageni
Asalaam aleikum wakubwa na wadogo. Kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kinajiandaa na Mabepari wa Venisi, ile ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka 1969. Kijana anayecheza Bassanio kaniuliza: nimcheze kama mtu anayependa, au kama tapeli? Mimi nasema tapeli. Ushahidi upo onyesho la kwanza. Anaanza na madeni yake, kisha ndiyo anamwambia rafiki yake Antonio kwamba Belmont kuna mwanamke kaachiwa mali. Halafu eti ni mzuri. Halafu eti ana tabia njema. Angalieni kilichotangulia. Mwenye hoja nyingine alete.

Kaka wa Makorora
Tapeli unamwonea, mkuu. Bassanio alimwona Portia zamani, baba wa binti akiwa hai bado, na anasema macho ya yule binti yalimpa salamu bila maneno. Nerissa, mtumishi wa Portia, naye anamkumbuka kwa wema, msomi na askari. Kukopa alikopa, lakini nani anakwenda kuposa mikono mitupu? Hapa kwetu mshenga akija bila kilemba wala mkaja si mnamcheka mpaka anafika kwao?

Na Portia mwenyewe alimtaka. Baba yake aliacha masanduku matatu: mposaji achague moja, atakayepata lenye picha ya binti ndiye amwoe. Mwana wa mfalme wa Moroko alichagua sanduku la dhahabu, hakuimbiwa kitu. Yule wa Aragon la fedha, hakuimbiwa kitu. Ikafika zamu ya Bassanio, wimbo huo! Na akachukua lile la risasi lenye picha ya binti. Mwaona bahati tu hapo? Portia angekuwa mwanamke wa Tanga asingengoja wimbo, angeshamfukizia udi kuanzia getini haha.

Binti Ngamiani
Mwanamke wa Tanga kaingiaje hapa? Tunazungumza Belmont, mtu kaja na udi. Kaka, sisi hatuna kazi nyingine duniani ila kufukiza?

Kaka wa Makorora
Dada yangu, nilikuwa nawasifia.

Binti Ngamiani
Sifa za stendi hizo. Mgeni hajashusha begi ameshauliza mahaba yanauzwa wapi. Waja leo waondoka leo, ndiyo nyie. Mwanamke wa Tanga ninayemjua mimi anaamka saa kumi kukanda maandazi ya kuuza, huo udi anaupata saa ngapi? Na halipi deni la rafiki wa mume siku ya ndoa. Portia alilipa. Kasikia deni ni dukati elfu tatu, sarafu za kule, kasema mpeni elfu sita, zidisheni mara mbili, kisha mara tatu. Hajalala na mume hata usiku mmoja. Huyo ndiye wa kushangaa, si sisi.

Mvuvi Sahare
Mimi niliisoma shuleni zamani, lakini nakumbuka jamaa alikopa dukati elfu sita akamweka rehani rafiki yake. Sasa hiyo na mikopo ya kausha damu zimeachana wapi? Shemeji yangu alichukua wa namna hiyo aolee, mimi mjinga nikatia sahihi ya udhamini. Alipokwama, vijana wa kampuni wakaja kukaa barazani kwangu toka alfajiri, miguu juu ya mkeka wa mama watoto, wanaomba na chai. Siku ya tatu wakabeba friji. Na samaki wangu ndani. Shemeji yuko Dar, anapiga picha na bibi harusi ufukweni. Mkitaka kumjua Bassanio msisome kitabu, njooni niwape namba ya shemeji.

Mwalimu Mstaafu Bombo
Elfu tatu, kwa miezi mitatu. Elfu sita ni zile alizozileta Bassanio mahakamani. Na Mvuvi, kuna jambo umelipita. Ile hati ya Shylock, mkopeshaji mwenyewe, haikuwa na riba hata senti. Ratili moja ya nyama ya Antonio basi, asipolipa kwa siku, na alisema ni mzaha. Hao waliokaa barazani kwako wangekupa mkopo bila riba?

Mvuvi Sahare
Kwa hiyo Mwalimu unamtetea mla riba. Sawa. Wewe friji lako lipo.

Mwalimu Mstaafu Bombo
Simtetei mtu, mwanangu, naeleza kilichomsukuma. Antonio alimtemea mate hadharani na kumwita mbwa, kisha akaja kumkopa. Halafu binti ya Shylock, Jessica, akatoroka usiku na mpenzi wake Lorenzo, kabeba dukati na vito vya baba. Ile pete aliyopewa na mkewe Leah kabla ya ndoa yao, Shylock anasikia imekwenda kubadilishwa na tumbili. Tumbili! Hapo ndipo mzaha unapogeuka kisu.

Binti Ngamiani
Jessica naye kafanya la maana gani? Baba ana kosa lake, pete ya mama ina kosa gani?

Kaka wa Makorora
Angalau Jessica alijua anachokitaka.

Binti Ngamiani
Wewe bado hujaomba radhi ya udi.

Mwana Chumbageni
Jamani, Bassanio.

Binti Ngamiani
Haya, Bassanio. Mnagombana kama ni mali au ni mke, na mahakama mmeiruka. Antonio kashindwa kulipa, kafunua kifua, kisu cha Shylock kinanolewa kwenye soli ya kiatu. Bassanio anasema nini? Kwamba ana mke anayempenda kama uhai wake, lakini yuko tayari kumtoa mke huyo, na uhai, na dunia nzima, Antonio aokoke. Mke mwenyewe kasimama palepale, kavaa joho la mwanasheria! Anamjibu kwamba mkeo angekuwapo asingekushukuru. Kisha ile pete ya Portia aliyoapa haitoki kidoleni. Mwanasheria huyohuyo kaiomba, Bassanio kakataa. Antonio kasema neno moja, pete ikatumwa mbio na rafiki yao Gratiano. Kijana wako amcheze mtu asiyeweza kumwambia Antonio hapana. Ndiyo maana mwishoni pete hiyohiyo Portia anamkabidhi Antonio, ndiye aipeleke kwa Bassanio. Anamtia udhamini upya, safari hii wa ndoa. Yule mama hakudanganyika hata dakika moja.

Mvuvi Sahare
Dada, udhamini usiufanyie mchezo. Mimi nimeshafutwa kwenye kikoba kwa ajili ya sahihi moja.

Kaka wa Makorora
Lakini nawe ulisaini bila kusoma. Kosa la shemeji hapo liko wapi? Mdhamini ni mtu mzima.

Mvuvi Sahare
Nisome nini, mtu anaoa dada yangu?

Kaka wa Makorora
Ngoja. Umesema kakopa aolee. Alikuwa anamwoa dada yako?

Mvuvi Sahare
Ndiyo.

Kaka wa Makorora
Kwa hiyo mahari ya dada yako umelipa wewe. Kwa friji.

Binti Ngamiani
😂😂 Astaghfirullah.

Mvuvi Sahare
Cheka tu. Na wewe Makorora tukikutana Mkwakwani nitakuuliza vizuri.

Mwana Chumbageni
Tusitishane. Mwalimu, hebu sema, Portia angekuwa wakili wa Mvuvi angemsaidiaje?

Mwalimu Mstaafu Bombo
Angetaka kuiona hati. Kwa Shylock alisema chukua nyama yako, ila tone moja la damu likimwagika, mali yako inataifishwa. Mvuvi, karatasi yako ilitaja nini?

Mvuvi Sahare
Friji moja, milango miwili, rangi ya kijivu.

Mwalimu Mstaafu Bombo
Samaki walitajwa?

Mvuvi Sahare
Hawakutajwa.

Binti Ngamiani
Ah! Basi walichukua samaki bila hati. Walikuwa kilo ngapi?

Mvuvi Sahare
Nguru watatu wazima na changu wa futari. Kilo sikupima.

Kaka wa Makorora
Nguru huwaweki friji la nyumbani wazima. Hawaingii.

Mvuvi Sahare
Niliwakata vipande. Wewe wa Makorora unajua nini habari ya nguru?