Kubadilishana mhimili mlalo na mhimili wima katika R: mpangilio umepinduka na mstari umehama

Mchambuzi_Uyole

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandaa taarifa ya mavuno ya mahindi kwa halmashauri saba za Mkoa wa Mbeya kwa kutumia ggplot2, kifurushi cha kuchora michoro katika lugha ya programu ya R. Majina kama “Halmashauri ya Wilaya ya Busokelo” ni marefu, na kwenye mhimili mlalo yalipandana hata hayasomeki. Nilipoongeza `coord_flip()` pau zililala na majina yakapata nafasi, lakini Jiji la Mbeya, lililokuwa la kwanza kushoto, sasa liko chini kabisa na Rungwe iko juu.

Kinachonisumbua zaidi ni mchoro wa nukta wa mwinuko wa shamba na mavuno. Nilibadilishana x na y ndani ya `aes()`, na mstari wa mwelekeo unaochorwa kupita kwenye nukta kwa `geom_smooth(method = "lm")` ukawa mwingine kabisa. Nimekosea wapi?

Mwalimu_wa_Takwimu_Iringa

Pole na kazi, ndugu. Kwenye pau hujakosea: mhimili wima huhesabiwa kuanzia chini, kwa hiyo jina la kwanza hukaa chini. Andika `reorder(halmashauri, mavuno)`, na yenye mavuno mengi itapanda juu. Kwa msomaji, mpangilio huo una maana kuliko wa alfabeti. Tena, tangu toleo la 3.3.0 la ggplot2 la mwaka 2020, `geom_col()` hutambua yenyewe upande wa kulaza pau ukiandika `aes(x = mavuno, y = halmashauri)`, bila `coord_flip()`.

Suala la mstari ni zito zaidi. Njia ya `lm` hupunguza makosa ya kigeu kilicho kwenye y peke yake, hivyo ulipobadilishana vigeu uliuliza swali jipya, yaani kukadiria mwinuko kutokana na mavuno, ilhali mavuno hayawezi kuubadilisha mwinuko wa shamba. Ukizidisha miteremko ya mistari hiyo miwili unapata r², yaani mraba wa r, kipimo cha nguvu ya uhusiano wa vigeu hivyo. Kwa mfano, r ikiwa 0.6, jibu ni 0.36, na mistari hulingana pale tu nukta zote zinapolala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukitaka kugeuza picha bila kugusa hesabu, rudisha vigeu mahali pake na utumie `coord_flip()`, au uviache ulivyoviweka na uandike `geom_smooth(method = "lm", orientation = "y")`.

Mtumiaji_wa_Python_Tukuyu

Kwa wanaotumia matplotlib, maktaba ya kuchora michoro katika Python, badilisha `bar` iwe `barh`, kisha ongeza `ax.invert_yaxis()` ili jina la kwanza likae juu.

Mchambuzi_Uyole

Asante sana, Mwalimu. Nimetumia `orientation = "y"`, na mstari umerudi kuwa ule wa awali. Nimeuacha mwinuko kwenye mhimili wima kwa makusudi, kwa sababu msomaji anayeijua njia ya kutoka Kyela, kwenye mita zipatazo 500, hadi milima ya Uporoto, juu ya mita 2,000, huuona mlima kama anavyoupanda.