Akademia ya Kifalme ya Uchoraji, Paris: mtu aliingiaje?

Swali: Wakuu, akademia ilianza 1648. Mchoraji alipitia hatua gani hadi awe mwanachama kamili?

Jibu: Alipeleka kazi zake, zikipita, anakuwa mgombea. Kisha anadaiwa mchoro wa kuingilia, yaani kazi ya kuikabidhi akademia ndipo awe mwanachama kamili, na hapo wengi walikwama. Mchoraji Watteau alikuwa mgombea 1712, akakabidhi wake 1717!

Jibu: Watu husahau hili: darasani hawakufundishwa rangi. Ni chaki na karatasi: unanakili michoro, kisha sanamu za plasta, mwisho mwanamume aliye uchi. Rangi ulijifunzia kwenye karakana ya mchoraji aliyekufundisha.

Jibu: Na darasa hilo la kuchora mtu aliye uchi wanawake walizuiwa kuingia, dhuluma kabisa. Wachoraji wanawake Vigée Le Brun na Labille-Guiard walipoingia akademia 1783, nafasi za wanawake zilikuwa nne tu.