Mrejesho: mdogo wangu aliyepanuliwa valvu ya moyo kwa puto

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza kama mdogo wangu wa kike, mwenye valvu ya mitrali (mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyosinyaa kwa homa ya rumatiki ya utotoni (ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo na kuharibu valvu), apanuliwe kwa puto au asubiri upasuaji wa kufungua kifua. Sasa ni miaka 6 tangu niulize.

Alipanuliwa. Walipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, wakatoboa kidogo ukuta wa kati ya vyumba viwili vya juu, puto likajazwa pale pale kwenye valvu. Njia hii aliianzisha daktari wa Kijapani, Kanji Inoue, miaka ya 1980. Tundu la valvu lilitoka sentimita za mraba 0.8 hadi 1.9. Kabla ya hapo, kwa miezi alikuwa akilala ameketi kwa kukosa pumzi, mito mitatu mgongoni. Aliporudi nyumbani alilala chali na mto mmoja, mama akasimama mlangoni anamtazama huku machozi yanamtoka.

Mlionionya kuwa valvu husinyaa tena mlisema kweli: eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) ya mwezi uliopita imesoma tundu la 1.6. Daktari anasema hahitaji kurudiwa kwa sasa, ila apimwe kila mwaka, na akitaka kubeba mimba amwone kwanza.

Sindano ya penisilini, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, ni kila wiki 4. Mwaka wa tatu iliisha kituoni, nikazunguka maduka ya dawa siku mbili hadi nikaipata. Jamani, wenye mgonjwa kama huyu, msikubali irukwe hata mara moja.