Gofu Unguja kwa mzee wa miaka 70: tulale upande gani?

Binti wa Tegeta
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Baba anatimiza miaka 70. Ujanani alikuwa kedi pale Gymkhana, Dar, akibeba fimbo za wenzake. Kucheza mwenyewe alianza baadaye sana. Sasa anacheza Lugalo kila Jumamosi, ingawa goti limeanza kumsumbua na daktari kamwambia aogelee. Sisi watoto tumechanga tumpeleke Unguja siku nne: acheze, aogelee, alale akisikia bahari. Mama hachezi, anapenda mambo ya kale, ila jua kali halimudu. Kaka yangu anashikilia tulale Paje. Uwanja nasikia uko njia ya Mangapwani. Je, tunaweza kulala Paje na kwenda kucheza kila siku?

Mkaazi wa Bububu
Mwanangu, msilale Paje. Pazuri, sipasemi vibaya, lakini Paje iko mashariki na uwanja uko magharibi, kaskazini ya mji. Mtakivuka kisiwa kwenda na kurudi, na goti la mzee litachoka garini kabla hajapiga mpira. Tena kule maji yakipwa yanakwenda mbali mno. Mtu anayetaka kujitosa tu, kwake ni safari.

Uwanja ni wa hoteli ya Sea Cliff, kijiji cha Kama. Mashimo tisa, bahari mbele yako. Akitaka 18 anazunguka mara mbili. Laleni hapohapo, au tafuteni nyumba ya wageni ukanda huu wa Bububu kwenda Mangapwani.

Lakini la kulishika ni hili, nakwambia mimi niliyevua miaka mingi: tarehe zichagueni kwa kutazama mwezi. Ukiandama au ukipevuka, siku moja mbili baadaye tunapata bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Siku hizo huku kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri, na tena saa kumi jioni. Saa nne asubuhi yamekupwa. Basi mzee anaingia kiwanjani saa moja, jua bado changa, bahari inarudi nyuma. Anamaliza, anaoga, anakula, anajinyoosha. Saa kumi bahari imemrudia yenyewe, anaogelea, halafu anakaa kulitazama jua likizama, maana upande wetu ndiko linakozama. Mkija maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanajaa asubuhi yeye yuko kwenye majani, na jioni yamerudi nyuma. Hayapwi sana, lakini miamba hutokeza, na mwenye goti bovu humpitishi juu ya miamba.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo fikeni siku ya 14 au 15 tangu mwezi kuandama, msingoje ya 18. Na msije masika, Machi mpaka Mei.

Mtembezaji, Mkunazini
Mfikishie mama yako shikamoo yangu, dada. Yeye mwachie asubuhi, baba akiwa kiwanjani. Mangapwani kuna pango la matumbawe lenye maji baridi. Wenyeji husimulia kuwa liligunduliwa na kijana aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea. Mbele kidogo kuna chumba kilichochimbwa kwenye jiwe, ambako watumwa walifichwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Mimi huwaingiza wageni mle kwa utulivu na sizungumzi mpaka watoke. Mwambie mama avae viatu visivyoteleza, na ajistiri kwa kanga, maana mnapita vijijini.

Siku nyengine mwende Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844, na hamamu ya Kidichi, bafu la kale alilolijenga huyo Seyyid Said. Mashamba ya viungo yako jirani. Kisha mje mjini wote pamoja. Baba yako msimamisheni Mnazi Mmoja: Waingereza walikuwa wakicheza gofu pale enzi zao. Kwa mtu aliyeanza kwa kubeba fimbo, atakuwa na la kuwasimulia.

Msafiri kutoka Tanga
Nakubaliana na mzee wa Bububu. Ila ulizeni ngazi. Sisi tuliambiwa "bahari iko mlangoni". Tukakuta jabali na ngazi ndefu, na mama mkwe akabaki juu siku tatu akitutazama. Ukanda ule una majabali. Mpigie simu mwenye nyumba, muulize ngazi ni ngapi na kama zina pa kushika.

Binti wa Tegeta
Asanteni sana, na marahaba kwa niaba ya mama. Kaka nimemsomea habari ya bamvua, kanyamaza, kisha kafungua kalenda ya mwezi mwenyewe. Tumeangukia bamvua ya Julai. Ngazi nitauliza leo. Tukishuka boti tupande nini?

Mkaazi wa Bububu
Daladala ya Bumbwini, namba 102, hupita njia hiyo kutoka mjini. Lakini mna fimbo, mna wazee. Chukueni teksi, na bei mpatane kabla mizigo haijaingia. Julai kuna upepo wa kusi, jioni hupoa. Mzee aje na sweta.