Kitovu cha ndama kimevimba: nitibu au niuze, na hasara naihesabuje?

mfugaji_kiruhura: Habari za kazi, wafugaji wenzangu. Ndama jike, chotara wa Friesian, ana siku tisa. Kitovu kimevimba ukubwa wa yai, kina moto, kinatoa usaha wenye harufu, na ananyonya kwa uvivu. Mvua zimejaza tope zizini. Jirani anasema nimuuze kabla sijaingia gharama. Ng'ombe wengine wawili wako karibu kuzaa.

tiba_mifugo: Pole ndugu. Kwanza mpime joto kwenye njia ya haja kubwa: kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Mlaze ubavu, bonyeza uvimbe taratibu. Ukirudi tumboni na kidole kikagusa tundu, kuna henia, yaani tundu kwenye ukuta wa tumbo ambalo utumbo unaweza kupenya. Uvimbe wowote usiutumbue mwenyewe, maana ndani panaweza kuwa na utumbo. Ukiwa mgumu na wenye maumivu, huenda ni maambukizi. Fuatisha kwa vidole: mshipa mnene unaoelekea mbele unakwenda kwenye ini, wa kuelekea nyuma unakwenda upande wa kibofu. Kagua pia magoti na viungo vya miguu ya nyuma. Vikivimba, bakteria wameshaingia kwenye damu. Daktari aje leo. Dozi hufuata uzito, na ukiikatisha kwa sababu ndama amechangamka, usaha hurudi.

hesabu_za_zizi: Wengi huhesabu chupa ya dawa tu, na hapo ndipo tunapojidanganya. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, hupandishwa kwa uzito, karibu asilimia 55 hadi 60 ya uzito wa ng'ombe mzima. Chukua mfano: ugonjwa ukimfanya akose kuongeza gramu 100 kwa siku kwa miezi mitatu, ni kilo 9. Akichelewa kuzaa miezi miwili na angekamuliwa lita 10 kwa siku, lita 600 hazijafika kituo cha maziwa, na miezi hiyo miwili amekula bure. Zidisha kwa bei ya maziwa ya kwenu, kisha linganisha na gharama ya daktari. Viungo vikiwa salama, mtibu. Vikiwa vimevimba kadhaa, mwambie daktari akueleze wazi kama atapona. Kumuuza kwa mfugaji mwingine ni kumhamishia hasara, na aliyechomwa dawa haliwi nyama mpaka siku za kusubiri dawa itoke mwilini ziishe.

mfugaji_kiruhura: Asante sana. Na hao wawili wanaokuja? Ninayo dawa ya kuchovyea chuchu.

tiba_mifugo: Hiyo iache. Iodini yake ni kidogo, na vilainishi vyake huzuia kitovu kukauka. Tafuta iodini ya asilimia 7 iliyochanganywa na spiriti. Chovya kitovu chote mpaka kwenye ngozi ndani ya nusu saa ya kuzaliwa, rudia baada ya saa 12, kisha kila siku hadi kikauke. Kupuliza upande mmoja hakutoshi. Dawa iliyobaki kikombeni mwaga, usimtumie ndama mwingine.

hesabu_za_zizi: Na dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, jamani! Asilimia 10 ya uzito: ndama wa kilo 35 apate lita 3.5 ndani ya saa sita, akianza ndani ya saa mbili za kwanza. Matandiko yapime kwa goti: piga magoti sekunde 20, suruali ikilowa, yabadilishe.