Skrini za kukunjika maskulini: tununue ama tuache kwanza?

Wana Mombasa hamjambo, naomba tulijadili hili kwa heshima. Mkutano wa wazazi skulini kwetu watu walisema tableti za watoto zikibadilishwa tuombe zile za skrini ya kukunjika, ati ndiko dunia inakokwenda, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi napinga na nitasema kwa nini.

Skrini inayopinda ni ile iliyotolewa kioo cha chini kikawekwa plastiki nyembamba inayohimili joto, halafu juu yake zikapangwa OLED, yaani vidoa vidogo vinavyowaka vyenyewe bila taa ya nyuma. Sasa hivyo vidoa havipatani kabisa na maji wala hewa, unyevu ukipenya vinakufa, na plastiki haizuii unyevu kama kioo ndio maana viwanda vinalazimika kuviziba vidoa hivyo kwa tabaka juu ya tabaka. Haya, na sisi twaishi mji ambao hata chumvi jikoni yalowa.

Samsung walipoitangaza simu yao ya kukunjika, Galaxy Fold, 2019, bei dola 1,980, waandishi waliopewa kuijaribu zikawafia kwa siku chache tu, wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni protekta, nyingine uchafu uliingia kwenye bawaba, uzinduzi ukasukumwa kutoka Aprili mpaka Septemba. Zimeboreshwa sana tangu hapo, sikatai, lakini hao walikuwa watu wazima wanaoandika habari za simu kila siku, je mtoto wa gredi 4 na mchanga wa uwanjani mfukoni?

Mtoto hana haja ya kukunja, haja yake ni kitu kisichopasuka kikianguka sakafuni. Kwa hilo mimi naona tuangalie karatasi ya elektroniki iliyowekwa juu ya plastiki. Ndani mna vifuko vidogo sana vya chembe nyeusi na nyeupe, umeme unazivuta juu ama chini, zikishatulia ukurasa unabaki hapo bila kula chaji, na juani wasomeka vizuri kabisa. Sony walitoa ya inchi 13.3 kitambo, 2013, ikajaribiwa vyuo vikuu vya Japani, na uzito wake ni gramu 358 tu! Bei ndiyo ilikuwa balaa, Marekani iliuzwa dola 1,100.

Mwalimu wa sayansi, Likoni: Ndugu yangu umesahau video. Karatasi yako yageuza picha polepole, rangi zake zimepauka, mimi nataka mtoto aone moyo ukipiga. Maabara sina, video ndiyo maabara yangu.

Mzazi, Changamwe: Nyote mwatupeleka mbali. 2013 tuliahidiwa na serikali laptopu za darasa la kwanza, 2016 zikaja tableti, leo nauliza ziko wapi sipati jibu. Nunueni vitabu, kitabu kikianguka chaokotwa.

Nami nawajibu: Mwalimu, hapo kwa video umesema kweli, lakini moyo ukipiga si lazima upige mikononi mwa kila mtoto, projekta moja na pazia jeupe darasa zima litaona. Na mzazi wa Changamwe, uchungu wako ni wetu sote, ila mkoba wa mtoto wa junia sekondari wewe umewahi kuubeba? Masomo mangapi, kila somo kitabu chake, mgongo ule ule. Hapo ndipo naona hii karatasi ina kazi, bei ikishuka.

Mpaka ishuke, mimi nataka kitu kimoja kiandikwe kwenye zabuni yoyote itakayokuja, iwe ya kukunjika ama ya kawaida: skrini ya kubadilisha ni shilingi ngapi, na fundi wa hapa hapa Mombasa ataipata wapi. Muuzaji asiyejibu hayo mawili asipewe hata senti ya wazazi.